Kiingereza ni Ngazi, Lugha ya Nyumbani ni Ardhi

Kwa kiongozi wa kikundi: Somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano wenu wa kawaida, sehemu moja baada ya nyingine. Mwisho wa kila sehemu simameni kidogo ili watu waulize. Kama wakati ni mfupi, ligawanyeni katika mikutano miwili. Maswali ya kujadili yako mwishoni.

SWALI LINALOTUFUATA



Katika ziara zetu kuna swali moja linalotufuata kila mahali. Tunaanza kuongea juu ya mbuzi wa maziwa au tangi la maji, lakini kabla chai haijaletwa mtu ananyosha mkono na kusema, "Na hii mambo ya Kizungu, nyinyi mnasemaje? Tuwapeleke watoto akademi ama tuwaache hapa kwa shule yetu?"

Mkutano mmoja hatutausahau. Mama mmoja alisimama akasema, "Mimi sikusoma. Nikienda benki nasimama mlangoni nikingoja mtu wa kunijazia fomu. Mtoto wangu hataona aibu hiyo. Hata kama ni kuuza ng'ombe, atajua Kizungu, na kwangu nyumbani nimepiga marufuku lugha nyingine." Watu wakampigia makofi. Kisha mzee mmoja aliyeketi nyuma akasema polepole, "Ni vizuri, mama. Lakini mimi mjukuu wangu akija kutoka mjini hatuongei. Namuuliza habari, ananiangalia tu. Nikifa, nitakuwa sijamwambia kitu hata kimoja." Hakuna aliyepiga makofi. Watu walinyamaza.

Wote wawili walisema kweli. Basi somo letu la leo ni hili: mtoto akijifunza Kiingereza angali mdogo, kinamsaidia namna gani katika kazi za kimataifa atakapokuwa mtu mzima? Na je, ili akipate, ni lazima apoteze lugha ya nyanya na babu yake?

KWA NINI KIINGEREZA KINA NGUVU HUKO NJE

Tuanze kwa kukubali ukweli. Kiingereza kinafungua milango, na si milango ya maofisi ya Nairobi peke yake.

Chukueni kazi ya ndege. Rubani anayetoka Nairobi kwenda nchi nyingine anaongea kwa redio na waongozaji wa ndege wa kila nchi anayopita, na mara nyingi lugha inayotumika ni Kiingereza. Tangu Machi 2008, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka marubani na waongozaji hao wapimwe jinsi wanavyozungumza na kuelewa. Kuna madaraja 6, na anayetaka kufanya safari za kimataifa lazima afikishe angalau daraja la 4. Na baharini ni vivyo hivyo. Mwaka wa 2001 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia usafiri wa bahari lilipitisha orodha ya sentensi za Kiingereza za kutumiwa na mabaharia, ili Mfilipino, Mgiriki na kijana wetu wa Mombasa waelewane moto ukizuka melini.

Hapa kwetu Gigiri, Nairobi, kuna makao makuu ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la mazingira na lile la makazi. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni 6: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Mtoto wetu anayejua Kiingereza vizuri tayari ana moja. Ongezeni hapo uuguzi, uhandisi, biashara ya maua na chai, na utafiti wa kilimo. Katika kazi hizi zote mtu anasoma ripoti, anaandika barua, anasimama mbele ya watu wa nchi kumi na kujieleza.

Kwa hiyo yule mama hakukosea alipotaka mtoto wake ajue Kizungu mapema. Mtoto mdogo ana nafasi kubwa. Sikio lake bado ni jepesi, haoni haya akikosea, na ana miaka mingi mbele ya kufanya mazoezi. Samaki mkunje angali mbichi. Jambo la kujiuliza ni jinsi ya kumkunja bila kumvunja.

MTOTO WA IHITHE

Hebu tuangalie maisha ya mtu mmoja tunayemjua sote, Profesa Wangari Maathai.

Wangari alizaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Wazazi wake walikuwa wakulima. Wakati ule wasichana wengi hawakupelekwa shule. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba ni kaka yake mkubwa, Nderitu, aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akaona hakuna sababu ya kumzuia. Neno moja la kaka, na kukubali kwa mama ambaye hakuwa na kisomo, ndiko kulikoanzisha safari yote.

Alianza katika shule ya msingi ya Ihithe. Alipofika umri wa miaka 11 alipelekwa St. Cecilia's, shule ya bweni iliyoendeshwa na watawa katika misheni ya Mathari, Nyeri. Huko alikaa miaka 4, na huko ndiko alikoshika Kiingereza sawasawa. Halafu akaenda shule ya sekondari ya wasichana ya Loreto, Limuru, akamaliza mwishoni mwa 1959.

Sasa angalieni jinsi mlango mmoja ulivyofungua mwingine. Mwaka wa 1959 Tom Mboya na wenzake walikuwa wameanzisha mpango wa kusafirisha vijana wa Kenya kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani. Mwaka wa 1960 mpango huo ulipata msaada wa wakfu wa familia ya Kennedy, na Wangari akawa mmoja wa vijana wapatao 300 walioondoka Septemba mwaka huo. Hakukuwa na wakati wa kwanza kujifunza lugha. Alifika katika chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, jimbo la Kansas, akaanza masomo ya elimu ya viumbe. Alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1964 na ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka wa 1966. Akafanya pia utafiti Ujerumani. Mwaka wa 1971 alipata shahada ya udaktari hapa Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufika daraja hilo.

Jamani, tujiulize. Kama angefika mwaka wa 1960 akiwa na Kiingereza cha kubahatisha, je, jina lake lingekuwa katika orodha ile? Kiingereza alichojifunza akiwa na umri kati ya miaka 11 na 15 ndicho kilichombeba. Hapo hatuna ubishi.

LAKINI KULIKUWA NA KITU KINGINE

Sasa tusikimbie. Kuna upande wa pili wa habari hii ambao watu huuruka.

Wangari alipokuwa mdogo, mama yake alimtuma kuokota kuni, akamwonya asiokote kuni za mti wa mugumo, kwa maana huo ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo huo kulikuwa na chemchemi na kijito. Mtoto Wangari alikuwa akiteka maji hapo na kucheza kati ya majani ya nduma, akijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Yote hayo aliyajua kwa Kikuyu kabla hajajua neno moja la Kiingereza.

Miaka mingi baadaye, akiwa msomi wa sayansi, ndipo alipoelewa maana ya lile onyo. Mizizi ya mugumo hushuka chini sana, hushikilia udongo usiporomoke, na husaidia maji ya chini ya ardhi kupanda juu. Miti hiyo ilipokatwa, vijito vilikauka. Kumbe wazee walikuwa wanalinda maji bila kuwa na maabara! Sayansi aliyosoma kwa Kiingereza ilimpa sababu. Lakini kitu chenyewe, mti na kijito na onyo la mama, vilikuwa tayari ndani yake kwa lugha ya nyumbani.

Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa shirika la Green Belt Movement. Wanachama wake walikuwa akina mama wa vikundi kama hivi vyetu. Mwanzoni maafisa wa misitu waliitwa kuwafundisha akina mama kukuza miche, lakini maelezo yao yalikuwa ya kitaalamu mno, akina mama wakachoka. Mwishowe walihimizwa watumie akili zao na ujuzi wao wa siku zote, maana mtu aliyepanda mahindi na maharagwe miaka yote hashindwi na mbegu ya mti. Wakatumia hata vyungu vilivyovunjika kuotesha miche. Walilipwa kitu kidogo kwa kila mche ulioshika.

Mnaona kazi ya lugha hapo? Wangari aliweza kukaa na wafadhili wa Norway na watu wa Umoja wa Mataifa, akaeleza mpango wake kwa Kiingereza, na msaada ukaja. Siku nyingine alikaa chini ya mti na akina mama, wakaongea kwa lugha yao wakaelewana. Kama angekuwa na Kizungu peke yake, angekuwa kama wale maafisa. Kama angekuwa na Kikuyu peke yake, sauti ya wale akina mama isingefika mbali. Alikuwa daraja, na daraja lazima liguse ng'ambo zote mbili.

Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wakati huo miti iliyokuwa imepandwa ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30. Desemba ile alisimama Oslo, Norway, mbele ya wafalme na wakuu, akahutubu kwa Kiingereza. Alimalizia kwa nini? Aliwasimulia juu ya kile kijito cha nyumbani, majani ya nduma na mayai ya vyura. Dunia nzima ilikaa kimya kumsikiliza mtoto wa Ihithe. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, lakini somo lake tunalo.

KIBAO CHA AIBU

Jambo lingine lazima lisemwe, maana wengi wetu tulilipitia.

Huko shuleni, mtoto aliyesikika akiongea lugha ya mama alivishwa kitu cha aibu. Wengine walikiita monita, wengine disk. Wangari alieleza kwamba kwao kilikuwa kama kifungo chenye maneno ya kumdharau mwenye kukivaa. Alitakiwa kukaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, amwachie. Aliyelala nacho jioni alipewa adhabu, kama kukata nyasi au kufagia. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka wa 1938 na kufariki Mei 2025, alieleza mambo yale yale. Na akaongeza kwamba mtoto angeweza kufaulu masomo mengine yote, akianguka Kiingereza amefungiwa njia.

Wengine watasema, "Lakini si ilisaidia? Si walijua Kizungu?" Ndiyo, walikijua. Hata Wangari alikubali kwamba walikishika. Lakini alisema pia kwamba desturi hiyo iliwafundisha watoto kudharau lugha zao na watu wao. Na sisi tunauliza: wale wengine je? Wangari na Ngũgĩ tunawajua kwa sababu walifaulu. Hatujui hesabu ya watoto waliokaa kimya darasani mwaka mzima kwa kuogopa monita, mpaka wakaacha shule. Mtoto anayeogopa kukosea haongei. Na mtoto asiyeongea hawezi kujifunza lugha, iwe ya Kizungu au ya nyumbani.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 44, inampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoichagua. Kama shuleni kwenu monita bado inazunguka, hilo ni jambo la kuongea na mwalimu mkuu, kwa heshima lakini bila kuficha.

Ngũgĩ naye tumtazame kidogo. Alisoma kwa Kiingereza Makerere na Leeds, na mwaka wa 1964 akatoa riwaya yake ya kwanza kwa lugha hiyo. Lakini mchezo ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kwa Kikuyu ndio uliofanya awekwe kizuizini mwishoni mwa 1977. Akiwa gerezani Kamiti alianza kuandika riwaya kwa Kikuyu, akitumia karatasi za choo. Baadaye alikuwa profesa katika vyuo vikuu vya Marekani. Kiingereza kilimpa kazi huko ng'ambo. Lugha ya mama ilimpa neno la kusema.

WAUGUZI 300

Sasa tuje karibu na siku zetu, maana wengine watasema hayo ni ya zamani.

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ili wauguzi wetu waweze kwenda kufanya kazi katika hospitali za huko. Ilikuwa nafasi nzuri kwa vijana wengi. Lakini Oktoba mwaka huo Waziri wa Afya wa wakati huo alitangaza habari ya kushangaza: kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita walikuwa 10 tu.

Hawa si watu ambao hawakusoma. Walifundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi mpaka chuo, na mitihani yao yote waliiandika kwa Kiingereza. Basi kulikuwa na nini? Mitihani ya namna hiyo hupima mambo manne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Na kila sehemu ina alama yake ya chini, huwezi kufidia moja kwa nyingine. Haitoshi kukariri majibu. Muuguzi lazima amsikie mgonjwa mzee anayenong'ona, aandike ripoti ya zamu ambayo mwenzake wa usiku ataielewa bila kuuliza, na aeleze kwa simu hali ya mgonjwa. Akikosea neno moja, dawa inakuwa sumu.

Hapo tunajifunza kwamba kukaa katika chumba kinachofundishwa kwa Kiingereza miaka mingi ni kitu kimoja, na kukijua Kiingereza ni kitu kingine. Wengi wetu tulifundishwa kuitikia kwa pamoja "Yes, teacher" na kunakili ubaoni. Nani alituuliza tulikuwa tunafikiri nini?

MTOTO ANAJIFUNZAJE?

Tufikirie hivi. Mtoto wa kwanza amekaa jikoni na mama yake. Ameona sufuria ikichemka, mvuke ukipanda, ukigonga kifuniko na kurudi kuwa matone. Ameuliza, akajibiwa kwa lugha ya nyumbani. Akifika gredi ya 4, mwalimu anafundisha jambo hilo kwa Kiingereza. Mtoto huyu ana kazi moja tu: kujifunza jina jipya la kitu anachokijua.

Mtoto wa pili amekatazwa lugha ya nyumbani, na wazazi hawana Kiingereza cha kutosha cha kumweleza. Kwa hiyo nyumbani anaambiwa "come", "sit", "eat", basi. Hajawahi kuelezwa habari ya mvuke kwa lugha yoyote. Akifika darasani ana kazi mbili kwa mpigo: jina na kitu chenyewe. Atakariri jina. Kitu kitampita.

Sasa mnaelewa kwa nini tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 serikali ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na Kiingereza kiwe somo mpaka darasa la 4. Hata mtaala mpya ulioanza mwaka wa 2019 unafuata njia hiyo. Wazazi wengi hudhani ni hila ya kuwaacha watoto wa vijijini nyuma. Sivyo. Ni kutayarisha udongo kabla ya kupanda. Kusoma nako ni hivyo. Mtoto akishajua kwamba herufi zinabeba sauti, na sauti zinabeba maana, ujuzi huo hahitaji kujifunza mara ya pili. Anauhamisha tu.

Na msisahau Kiswahili. Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi. Wakalimani, watangazaji, walimu wa Kiswahili huko ng'ambo, wote wanahitaji Kiingereza kizuri na Kiswahili kizuri kwa pamoja. Mtoto aliyetupa kimoja ili ashike kingine amejifungia kazi hizo.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Hatuandiki somo ili watu warudi nyumbani wakiwa na huzuni. Haya ni mambo ambayo kikundi cha kawaida kinaweza kuanza mwezi huu.

1. Ongeeni na watoto. Kila jioni mtoto asimuliwe au asimulie jambo moja kwa lugha ya nyumbani. Nyanya na babu wapewe kazi hii rasmi. Hailipiwi karo. Muulizeni mtoto "kwa nini?" na "halafu?" Mtoto anayeweza kusimulia vizuri kwa lugha yake atakuja kuandika insha nzuri kwa Kiingereza.

2. Anzisheni sanduku la vitabu. Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa mwezi juu ya meri-go-raundi ya kawaida, ni shilingi 1,000. Kwa mwaka ni 12,000. Kama kitabu cha hadithi ni shilingi 300, hivyo ni vitabu 40. Nunueni vya Kiingereza, vya Kiswahili, na vya lugha yenu vikipatikana. Vianze na rahisi, vyenye picha. Mwanachama mmoja atunze sanduku na daftari la kuazima: jina la mtoto, jina la kitabu, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Vitabu vilivyofungiwa kabatini havimsaidii mtu.

3. Wakubwa wawasomee wadogo. Jumamosi mchana, saa moja, chini ya mti au kanisani. Kijana wa sekondari anasoma kwa sauti, wadogo wanafuata. Halafu waeleze kwa lugha yoyote walichoelewa. Kwanza maana, kisha maneno.

4. Kiingereza kitumiwe kwa kazi ya kweli. Watoto waandike majina ya miche kitaluni kwa lugha mbili. Wasome maagizo ya pakiti ya mbegu na chupa ya dawa ya ng'ombe na kuwaelezea wazazi. Wamwandikie barua mtoto wa kikundi kingine. Wasikilize habari za Kiingereza redioni kisha waulizwe wamesikia nini. Hapo wanafanya mazoezi ya mambo yale manne ya mtihani wa wauguzi.

5. Msimcheke mtoto akikosea. Mrudishieni sentensi ikiwa sawa, bila kumtia haya, mwendelee.

6. Wasichana wapewe wakati. Kama mvulana anasoma na dada yake yuko mtoni, tunajua ni nani atakayeijua lugha. Kumbukeni swali la Nderitu. Gawanyeni kazi za nyumbani ili naye awe na nusu saa ya kitabu kabla jua halijatua.

7. Fikirini kabla ya kuuza ng'ombe. Tukiona akademi, tuulize: Walimu wanaongea na watoto, ama wanawakaririsha? Kuna vitabu vya hadithi? Mtoto wa gredi ya 3 anaweza kusoma ukurasa na kutueleza maana yake? Sare nzuri na basi la rangi si Kiingereza. Pengine shule yetu ya hapa, tukiisaidia kwa vitabu na kumtembelea mwalimu mara kwa mara, itafanya vizuri zaidi, na maziwa bado mtakunywa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nani hapa aliwahi kuvishwa monita au disk? Ilimfanya ajisikie vipi? Je, leo anaongea Kiingereza bila woga?

2. Watoto wetu wanaweza kuzungumza na nyanya na babu zao? Kama hawawezi, tumepoteza nini?

3. Mama aliyepiga marufuku lugha ya nyumbani alikuwa na sababu gani? Tungemshauri nini bila kumdharau?

4. Katika maisha ya Wangari, Kiingereza kilifanya kazi gani? Kikuyu kilifanya kazi gani?

5. Kati ya mambo yale saba, ni lipi tutaanza nalo? Nani atalisimamia? Tutakutana lini kuona limefika wapi? Mwandishi aandike majibu katika daftari la kikundi.

MWISHO

Ngazi ni kitu kizuri. Mtu hufika kwenye tunda asilolifikia kwa mkono. Lakini kila mkulima aliyechuma maparachichi anajua jambo hili: kabla ya kupanda unatikisa kwanza miguu ya ngazi uone kama imeshika ardhi. Watoto wetu tuwape Kiingereza, tena mapema, tena kizuri. Na lugha ya nyumbani tuiache chini ya miguu yao, ngumu na imara, ili waweze kupanda mpaka watakapofika, na pia waweze kushuka kurudi kwetu.

Baada ya mkutano ule, yule mama alikwenda kuketi karibu na yule mzee. Tuliwaacha wakiongea.